Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari ya Machipuko, Ada na Mengineyo

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Katiba ya chama chetu cha uvuvi hapa Louisville, Kentucky, inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka mbele ya wanachama wasiopungua nusu. Tuko 46, nusu yetu ni 23. Nimehesabu vichwa mara mbili: tuko 14, na hapo nimemtia shemeji aliyetuletea chapati, ambaye si mwanachama. Nitasoma hivyo hivyo. Nakala itawekwa kwenye kundi la WhatsApp ili asitokee wa kusema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida mnazijua. Mikutano 8 kati ya 12 ilifanyika, tulisafisha ufukwe mara moja, watoto walifundishwa kufunga ndoano, tulihani misiba miwili, tulikwenda ziwa la Taylorsville Juni na tukachoma nyama Septemba. Yote yalikwenda salama. Nawashukuru waliosaidia, ingawa kubeba viti nilibeba mwenyewe.

Sasa nije kwenye safari ya machipuko ya Kentucky Lake. Naomba mnivumilie nilieleze jambo hili kwa urefu, maana limesemwa sana mahali ambapo mimi sipo.

Januari tulikubaliana kwenda Jumamosi ya mwisho ya Machi. Wanachama 14 waliomba ruhusa kazini, na kibanda kikalipiwa malipo ya awali ya dola 280. Jumanne ya wiki ile ile nikaahirisha hadi Jumamosi ya tatu ya Aprili. Fedha ya kibanda haikurudishwa. Waliokuwa wamepata ruhusa wakaipoteza, na mkuu wa zamu huko maghalani hatoi ruhusa mara mbili. Hasira yao naielewa. Ninachokataa ni lile neno kwamba niliamka tu asubuhi nikaamua.

Sikuamka nikaamua. Nilitoka zamu ya usiku nikaendesha zaidi ya saa tatu, kwa gari langu na mafuta yangu, nikapanda mashua ndogo ya makamu wangu. Nilikuwa na kipimajoto nilichokifunga kwenye kamba yenye fundo kila futi. Katikati ya ziwa, juu ya maji, nilikuta nyuzi 48 za Farenhaiti, yaani karibu 9 za Selsiasi. Nikaingia kwenye hori, yaani mkono mwembamba wa ziwa, nikaenda mpaka mwisho wake, upande wa kaskazini unaopigwa na jua mchana kutwa na kukingwa na upepo wa baridi. Hapo, saa tisa alasiri, nikakuta 53. Nikashusha kamba hadi fundo la kumi: 47. Makamu ni shahidi, ingawa leo hayupo.

Kwa wale wanaouliza nyuzi zinahusiana nini na samaki: krapi (crappie), samaki tunayemfuata kule, hafuati kalenda ya kanisa wala ya kiwanda. Maji yakiwa chini ya 50 yeye yuko kilindini, karibu na mkondo wa zamani wa mto Tennessee. Ziwa lile si la asili, bwawa lilikamilika 1944, na mto wa kale bado uko chini pale na vijito vyake vyote. Maji yakifika kati ya 50 na 55 samaki huanza kupanda kwa kufuata vijito hivyo, kama sisi tunavyofuata barabara, na njiani husimama kwenye midomo ya hori na kwenye malundo ya matawi yaliyozama, futi 10 hadi 18. Yakikaribia 60 madume hutangulia ukingoni kutengeneza viota. Kati ya 62 na 68 ndipo wanapotaga, futi mbili hadi sita tu. Kwenye maji ya tope huja juu zaidi, kwenye maji maangavu hukaa chini kidogo. Wakimaliza hurudi kilindini taratibu.

Kuna na jambo la pili ambalo hakuna aliyelitaja kule kwenye kundi. Majira ya baridi TVA, shirika la serikali linaloendesha bwawa, hulishusha ziwa lile hadi futi 354 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Aprili 1 hulipandisha kidogo kidogo hadi 359, ambazo hufika karibu na Mei 1. Kwa hiyo siku ile ya Machi vichaka ambavyo samaki huja kutaga chini yake vilikuwa vimesimama kwenye tope, viatu vyangu ni ushahidi. Mwenye mashua angeweza kuwafuata kilindini. Lakini orodha yetu ilikuwa na watu 19, watano wao watoto, na mashua ni moja. Sisi wengine tunavulia ukingoni na gatini. Je, ningewapeleka watoto saa tatu barabarani wakatupe ndoano kwenye tope? Hiyo ndiyo hoja yangu, na sijasikia aliyeijibu.

Wazee wetu wa Kigoma na Baraka, watu wa Ziwa Tanganyika, walisema tungefuata mwezi. Nawaheshimu sana. Mimi mtu wa Ukerewe, karabai nazijua. Najua dagaa huvuliwa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Lakini Ziwa Tanganyika joto la maji ya juu halibadiliki sana mwaka mzima. Hapa maji yale yale huwa nyuzi 40 na kitu Januari na kupita 80 Julai. Mzee mmoja alinijibu kwamba samaki wa Marekani naye ana macho ya kuona mwezi. Sikuendeleza mjadala.

Wanachama saba walikwenda Machi kwa njia zao, na nitasema ukweli kwa sababu wao wameshausema nusu. Walikodi mashua, wakavua kwenye matawi ya futi 16, polepole, chambo kikiwa karibu kimesimama. Walipata samaki 11, karibu wote majike yenye mayai, na mmoja alifika inchi 15. Picha yake imewekwa kwenye kundi mara nne, moja ikiwa na maneno “salamu kwa Mwenyekiti Kipimajoto”. Walivua vizuri. Kwa joto lile, hapo ndipo pa kuwatafuta, na ukiwasoma wenyewe walichoandika utaona wanathibitisha ninachosema. Sikuona mtoto hata mmoja kwenye picha hizo.

Aprili nayo haikunihurumia. Alhamisi maji yalikuwa 64, nikawaandikia wote kwa furaha. Usiku wa kuamkia Jumamosi upepo wa kaskazini ukaingia, asubuhi kipimajoto kikasoma 58. Tulivua kwa muda wa saa tatu nzima: watu 19, samaki wawili. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, “Hata Machi tungepata zaidi ya hawa.” Nikanyamaza nikaendelea kufunga ndoano ya mtoto.

Kilichotokea baadaye kimesimuliwa vibaya. Binti mmoja wa miaka 12 alikuwa mwisho wa gati. Fundo la chelezo chake lililegea, chambo kikashuka hadi futi nane hivi, chelezo kikalala ubavu. Akavuta: dume la krapi, jeusi kidevuni kama limepakwa masizi ya sufuria, maana madume hubadilika rangi wakati huo. Ni kweli binti ndiye aliyeanza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulifikiria jambo hilo hilo: baridi ikipiga hawaendi mbali, wanarudi nyuma hatua chache na kushuka. Nikawaamuru wote wasogeze vyelezo wavue futi saba na nane, na wasipitilize, kwa sababu krapi hutazama juu. Chambo kikiwa chini yake hakioni. Kufikia jioni, jua likiwa limechoma upande ule, tulikuwa na samaki 131. Waliopungua inchi 10 tuliwarudisha majini, kama sheria ya ziwa inavyotaka. Wengi zaidi tuliwapoteza kwa kuvuta kwa nguvu kana kwamba ni sangara. Mdomo wa samaki huyu ni mwororo kama karatasi ya sigara, unachanika. Mama Mhazini alipoteza sita mfululizo, na maneno aliyoyatoa hayawezi kuingia kwenye kumbukumbu.

Mambo mawili madogo. Leseni za Kentucky huisha mwisho wa Februari. Wawili walikuja na za mwaka uliopita wakashinda wakikaanga samaki badala ya kuvua. Na saa za kule ziko nyuma ya Louisville kwa saa moja. Nilitangaza. Waliofika mapema wakakuta giza wasinilaumu.

Fedha. Mapato yalikuwa dola 2,310: ada 1,260 na michango ya safari 1,050. Matumizi, yaani vibanda, rambirambi, chambo, kipimajoto cha dola 38 na mengineyo, 2,194. Zimebaki 116. Ada ni dola 60 kwa mwaka, ambazo ni dola tano kwa mwezi, bei ya kahawa moja. Waliomaliza kulipa ni 17. Waliobaki 29 wanadaiwa jumla ya dola 1,500. Sitataja majina, ila mtu akidaiwa miaka miwili kisha akaandika kurasa tatu kuhusu dola 280 za kibanda, sijui nimwite nani.

Mahudhurio yanauma zaidi. Mikutano minne haikufanyika kwa kukosa akidi. Ule wa Novemba tulikuwa watano na mtoto mchanga. Najua zamu, najua watoto, najua umbali. Lakini siku ya nyama choma walikuja 60, na baadhi sijawaona tena hadi leo.

Kuhusu mwaka ujao, nia ipo. Vijana wanaomba sona, chombo cha kuona samaki chini ya maji moja kwa moja. Bei yake inapita fedha tuliyo nayo zaidi ya mara kumi, tutaona Mungu akijalia. Tarehe ya safari napendekeza iachwe wazi kati ya Aprili 10 na 25, kila mtu aombe ruhusa anavyoweza, maana tukisogea mpaka wiki ya Derby, yale mashindano ya farasi ya hapa Louisville mwanzoni mwa Mei, wengi wetu hatupati. Kamati itapima maji. Kamati maana yake mpaka sasa ni mimi.

Nafasi ya mwenyekiti itapigiwa kura tukitimia 23. Anayeitaka achukue fomu kwa katibu, na kipimajoto nitamkabidhi kikiwa na kamba yake.

Mwisho, aliyechukua lile jokofu la bluu la kubebea samaki siku ya Aprili alirudishe. Ni langu, si la chama.

Mwenyekiti