Mchujo wa alasiri moja unatupotezea wasichana wenye mpira

Kwa Mhariri,

Muhula wa pili ndio muhula wa soka katika michezo ya shule za sekondari, na kabla haujashika kasi shule nyingi za hapa Mombasa huwa zimeshateua vikosi vyao vya wasichana. Naomba nafasi gazetini niseme jambo kuhusu uteuzi huo, kwa sababu naamini kila mwaka tunawaacha nje wasichana wanaojua mpira. Simshuku mwalimu yeyote kwa upendeleo. Utaratibu wenyewe ndio mbovu.

Jinsi mambo yanavyokwenda tunajua. Tangazo linatolewa kwenye gwaride la asubuhi, na jioni hiyo hiyo wasichana thelathini au arobaini wanajaa uwanjani. Wanagawanywa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, kila kundi linapewa dakika ishirini, na mwalimu mmoja, ambaye pia ndiye refa, anatazama huku akipuliza kipenga. Kesho yake orodha iko ubaoni. Aliyefunga bao yumo, aliyepiga chenga mbili tatu yumo. Waliobaki wanasoma majina, wanarudi darasani, basi.

Kwa wavulana mtindo huu una kasoro zake lakini haudhuru sana. Kijana wa Magongo au Kongowea ameanza kupiga mpira wa makaratasi tangu hajaanza shule, na akifika sekondari mtaa mzima umeshajua uwezo wake. Dada yake aliyekulia nyumba hiyo hiyo alikuwa anaitwa ndani: kuna vyombo, kuna mdogo wa kubebwa, kuna madrasa, na kuna jirani wa kumuuliza mamake mbona binti anakimbizana na wavulana. Wengi wao wanaanza kugusa mpira wa kweli wakiwa shuleni. Ukiwapa dakika ishirini, umepima ni nani aliyeruhusiwa kucheza utotoni. Nani anaweza kuwa mchezaji mzuri mwakani, hilo hujalipima.

Mwaka jana nilisimama kando ya uwanja kwenye mchujo mmoja kisiwani. Beki wa kulia alikuwa msichana mwembamba aliyevaa raba za shule, hana njumu. Kwa muda wote aliopewa, mpira ulimfikia mara mbili tu, maana mchezo wote ulikuwa umejazana upande wa pili. Mara ya kwanza alitazama nyuma ya bega lake kabla mpira haujafika, akautuliza kwa mguu wa ndani, akampa kiungo pasi ya chini. Mara ya pili winga alimjia kasi. Hakumrukia, alirudi nyuma hatua kwa hatua akimsukuma kuelekea mstari wa pembeni mpaka mpira ukatoka. Kocha yeyote anajua kwamba kitu kama hicho huchukua miezi kumfundisha mtoto. Jina lake halikuwa kwenye orodha. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kumtazama.

Dawa yake haina gharama. Badala ya kuwapanga kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, uwanja ukatwe vipande, wasichana wacheze wanne kwa wanne, magoli yawe chupa za maji zilizojazwa mchanga. Kila baada ya dakika nane au kumi timu zichanganywe upya. Kwenye eneo dogo namna hiyo hakuna pa kujificha wala pa kusahaulika: kila mmoja atagusa mpira mara nyingi, atashambulia, atakaba, atapoteza mpira, na utaona anafanya nini akishaupoteza. Ukimbadilishia wenzake utaona pia kama ni yeye anayeinua timu au ni timu inayombeba. Jambo hili lifanyike siku tatu, zisiwe moja. Msichana anaweza kuwa kwenye siku zake na tumbo linamuuma, na hawezi kumwambia hivyo mwalimu wa kiume mbele ya watu. Wawepo watazamaji wawili wenye daftari, mmoja akiangalia wenye mpira na mwingine wasio nao, na vitu vinavyotafutwa viandikwe na kutajwa mapema ili kila msichana ajue anapimwa kwa lipi.

Kipa achujwe peke yake. Desturi ya kumtazama msichana mrefu kuliko wote na kumwambia "wewe ingia golini" imetupa makipa wanaouogopa mpira.

Kuna hili la mavazi, na hapa Pwani haliwezi kupitwa. Bado nasikia wasichana wakiambiwa wavue hijabu kama wanataka kucheza. Sheria za soka duniani zimeruhusu kufunika kichwa tangu 2014, na kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023 Nouhaila Benzina wa Moroko alicheza akiwa na hijabu yake. Suruali ya kubana ndani ya kaptula pia inaruhusiwa, mradi rangi ifanane na ya kaptula. Mwalimu anayemrudisha binti kwa sababu hizo anatekeleza sheria ambayo haipo.

Ratiba nayo ipangwe kwa akili. Jumamosi asubuhi wengi wako madrasa. Wanaoishi Likoni wana feri ya kuvuka, na mchujo unaoisha magharibi unamfanya mzazi akatae hata kama alikuwa amekubali. Ramadhani ya miaka hii inaangukia muhula wa kwanza, wakati timu zinaandaliwa. Kumzungusha uwanja saa kumi jioni msichana aliyefunga, kwa jua hili letu, kisha kuandika kwamba hana pumzi, ni dhuluma.

Na walioachwa? Michezo ya shule huanzia kaunti ndogo, ikapanda hadi kaunti, eneo la Pwani, taifa, na hatimaye Afrika Mashariki. Timu nyingi hung'oka ngazi ya kwanza, zikiwa zimecheza mechi chache tu. Kwa mechi hizo chache tunawaambia wasichana ishirini na zaidi kwamba mpira si wao mwaka mzima. Shule iwe na timu ya pili inayofanya mazoezi na kucheza na timu za pili za jirani, hata bila kombe. Na kila aliyeachwa aitwe pembeni aambiwe kwa maneno mawili matatu kilichopungua na cha kufanyia kazi. Sijui mwalimu anayeshindwa kupata dakika mbili za mtoto.

Mwaka 2024 wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 17 walikwenda Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya nchi hii kufika Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote. Walikuwa wa rika la hawa tunaowachuja jioni moja. Sasa mfumo mpya wa elimu una mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu, kwa hiyo nafasi kikosini itamgusa binti hata kwenye masomo aliyoyachagua.

Ombi langu kwa viongozi wa michezo ya shule katika kaunti ndogo zetu sita ni kwamba kila shule itangaze tarehe za mchujo wiki mbili kabla, na barua ifike kwa wazazi ikieleza saa ya kuanza na ya kumaliza. Shule isiyo na mwalimu wa pili wa kushika daftari iwaombe wakufunzi wa timu za wasichana mitaani. Tupo Changamwe, tupo Kisauni, tupo Likoni, na tutakuja bila malipo.

Mkufunzi wa kujitolea,
Mikindani, Mombasa