Kwa Nini Cheti Chetu Hakitaji Jina la Lamqua

Wateja wanaotuletea picha za watu za rangi za mafuta, zilizochorwa Guangzhou katika karne ya 19, karibu wote huomba cheti cha tathmini kitaje jina la Lamqua, mchoraji maarufu wa picha za watu wa mji huo wa kusini mwa China. Mara nyingi tunaandika tu "mchoraji wa Kichina, Guangzhou", na mteja ana haki ya kuelezwa sababu.

Lamqua, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Guan Qiaochang, alikuwa na duka karibu na majengo ya wafanyabiashara wa kigeni. George Chinnery, mchoraji Mwingereza, alipofika Macau, bandari ya Wareno karibu na Guangzhou, mwaka 1825, Lamqua aliiga namna yake ya kuangaza uso na kuacha mandhari ya nyuma gizani, akaiga kwa ustadi kiasi cha kumpokonya wateja kwa bei nafuu, na mwaka 1835 kazi yake ikaonyeshwa katika Royal Academy, chuo cha sanaa cha London. Tatizo ni kwamba dukani mwake walikuwamo wasaidizi waliokuwa wakinakili kutwa, majirani zake nao walichora kwa mtindo uleule, na saini ni adimu. Picha ya Houqua, tajiri wa biashara ya chai, akiwa ameketi na mkufu wake mrefu wa shanga za cheo, ilinakiliwa mara nyingi, hivyo kufanana peke yake hakuthibitishi chochote.

Kazi za Lamqua zenye uhakika zaidi ni picha za wagonjwa wa Dkt. Peter Parker, daktari mmisionari Mmarekani aliyekuwa Guangzhou, wengi wao wakiwa na uvimbe mkubwa, alizoanza kuzichora mwaka 1836. Nyingi zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, na kumbukumbu za daktari huyo zinaeleza zilikotoka.

Ndiyo maana sisi huanza na mgongo wa picha. Barua ya nahodha wa Salem (bandari ya Marekani ambayo meli zake zilifanya biashara na China) ina uzito kuliko maoni yetu kuhusu pua na midomo. Kwa hiyo usibandue karatasi za nyuma, usibadilishe mbao zilizowambiwa turubai, wala usipanguse uso wa picha kwa kitambaa kibichi, kwa kuwa rangi mara nyingi ni nyembamba na kope ndizo hufutika kwanza. Vanishi iliyogeuka manjano tunaijaribu sisi, pembeni, katika kipande kidogo kinachofichwa na fremu. Hati ikipatikana baadaye, tunaandika cheti kipya.