Tutoeni vyuma madirishani

Mhariri,

Muhula huu nilimpeleka binti yangu shule ya bweni ya umma. Madirisha yote ya bweni yana vyuma, na mlango wa pili umezibwa na masanduku. Nilipouliza, mwalimu alicheka: "Mzazi, tukivitoa wezi wataingia."

Mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu wa 2008 unavikataza vyuma hivyo, na kutaka vitanda viachane mita 1.2. Tena ulitoka baada ya wavulana 67 kuteketea bwenini Kyanguli, Machakos, mwaka 2001.

Mwongozo upo, fedha ndizo hazipo. Kapitesheni yenyewe, yaani pesa ambazo serikali hutuma shuleni kwa kila mwanafunzi, huchelewa. Serikali itenge fungu la mabweni pekee, lisiguswe hata kwa basi la shule. Fundi wa kuchomelea yuko pale pale, ng'ambo ya lango.

Mzazi, Machakos