Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: nyonga isisubiri kusagika ndipo itibiwe

Mheshimiwa Waziri,

Nina miaka 31 na siwezi kufunga kamba za kiatu cha kulia bila kukunja uso. Bima imenijibu kwa sentensi mbili: nyonga bandia inalipiwa, ukarabati wa gegedu haulipiwi. Yaani nisubiri kiungo kife kabisa, halafu nirudi.

Gegedu, Mheshimiwa, ni utando laini wa milimita chache tu unaofunika kichwa cha fupa la paja na kikombe kinachokipokea. Hauna mishipa ya damu wala neva. Ukichanika haujiungi kama ngozi, na unaweza kuharibika kimyakimya mpaka maumivu yaanzie kwenye mfupa wa chini yake. Ndiyo maana wengi tunafika kwa daktari tumechelewa, baada ya kumeza dawa za misuli mwaka mzima.

Njia zipo. Daktari hutoboa vitundu kwenye mfupa ili uboho ulio ndani yake upande juu na kuziba pengo la gegedu. Kinachoota pale ni kovu gumu, si gegedu halisi, na sitaki mtu anidanganye kuhusu hilo. Au huchukua seli za gegedu za mgonjwa mwenyewe, zikakuzwa maabara wiki kadhaa, kisha zikapandikizwa. Madaktari wa Uswidi walichapisha matokeo yao ya goti mwaka 1994, na nyonga ikafuata baadaye. Ukingo wa kikombe ukiwa umechakaa, hujengwa upya kwa kipande cha kano. Na kama kuna mfupa uliozidi unaokwangua gegedu kila ukichuchumaa, huchongwa hapohapo. Usipochongwa, kazi yote ni bure.

Si kila mtu anafaa. Ambaye mifupa yake imeshaanza kusagana, apewe nyonga bandia bila kuzungushwa. Lakini nyonga bandia nayo huchakaa, na kwa mtu wa umri wangu kuna uwezekano mkubwa wa kurudi mezani, na upasuaji wa marudio huwa mgumu kuliko wa kwanza.

Ninachoomba ni kifungu kimoja kirekebishwe: bima iamue kwa hali ya kiungo inavyoonekana kwenye MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, isiamue kwa jina la upasuaji. Na fiziotherapia, yaani mazoezi ya tiba, ilipiwe humohumo, maana baada ya upasuaji wiki kadhaa za magongo bila mtu wa kukuongoza huweza kuharibu alichokijenga daktari.

Picha zangu na ile barua ya sentensi mbili ninazo. Nitazileta ofisini kwako siku yoyote utakayonipangia, ila naomba iwe ghorofa ya chini.

Wako mtiifu,
Mgonjwa wa nyonga