Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Viwanja vya Michezo ya Watoto, Jiji la Tanga

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana mliofika,

Assalaam alaykum, na kwa wengine habari za asubuhi. Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka uliokwisha Desemba. Yale mliyoyaona wenyewe nitayapita haraka, maana lipo jambo moja, fedha iliyokwenda kwenye mchanga wa kutandaza chini ya bembea na mitelezo, lililosemwa sana kwenye kundi la WhatsApp na kwenye baraza za kahawa, na hilo ndilo linalohitaji muda.

Kamati ya utendaji ilikaa kila robo mwaka. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ulifanyika Makorora, Mabawa na Chumbageni, isipokuwa wakati wa masika. Vibali vya kutumia maeneo ya wazi vilipatikana kupitia serikali za mitaa. Miarobaini ilipandwa, iliyonusurika mbuzi mnaiona. Viwanja vitatu sasa vina bembea, mitelezo na sisoo zinazotumika. Nawashukuru wote walioshiriki, na mtaniruhusu niseme kwamba barua za kuomba michango niliziandika na kuzipeleka mimi mwenyewe, pale ambapo kamati ndogo ya uchangishaji haikukutana hata mara moja.

Sasa tuje kwenye mchanga.

Mkutano mkuu uliopita ulipitisha viwanja vitano. Tumekamilisha vitatu, Duga na Mwanzange havijaguswa. Sababu ni kwamba karibu nusu ya fedha ya mwaka imekwenda kwenye mchanga wa mto, kokoto na uchimbaji. Kuna aliyeuliza, tena kwa kejeli, mji uko ufukweni, mwenyekiti ananunua mchanga? Mwingine akaandika kwamba milioni nane zimefukiwa ardhini. Naam, zimefukiwa, na ni kwa makusudi.

Mtoto akiumia vibaya uwanjani, mara nyingi ameanguka. Kinachoamua kama atainuka na kukimbia au atapelekwa hospitali ya Bombo ni kile alichoangukia. Ardhi yetu wakati wa kaskazi hukauka ikawa sakafu, na nyasi chini ya bembea hazidumu hata wiki mbili. Vipimo vya Ulaya vya vifaa vya michezo ya watoto, EN 1176, vinataka mchanga wa punje za milimita 0.2 hadi 2, usio na udongo wala tope. Kwa kimo cha kuanguka kisichozidi mita 2 kina kinachotakiwa ni sentimita 20, kisha unaongeza sentimita 10 kwa kuwa miguu huutawanya. Ndiyo maana tulisema 30, wala si namba ya kutoka kichwani mwangu.

Chukua bembea ya viti viwili ambayo boriti yake iko mita 2.4 kutoka chini. Mtoto akiruka kutoka kwenye kiti kinachokwenda, hatui chini ya bembea, hutua mbele. Kwa hiyo eneo la kutua ni mara mbili ya kimo cha boriti, mbele na nyuma: mita 4.8 na 4.8, jumla 9.6. Upana ni mita 3 za boriti na mita 1.8 kila ubavu, jumla 6.6. Hizo ni mita za mraba 63, na kwa kina cha sentimita 30 unapata mita za ujazo 19. Mtelezo nao unakula takriban 11. Uwanja mmoja basi ni mita za ujazo 30, na vitatu ni 90. Anayesema tungemwaga toroli chache chini ya kila kiti, aje na kikokotoo.

Kwa nini basi si wa pwani, wa bure? Kwanza, si wa bure. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni, na chama kilichosajiliwa hakiwezi kwenda usiku na matoroli kama wezi wa nazi. Pili, chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na mchanga wenye chumvi ukizunguka mguu wa nguzo, chuma hakikauki kamwe. Nguzo ya bembea huoza pale pale inapoingia ardhini, mahali ambapo jicho halifiki, huku juu ikimeremeta kwa rangi. Nguzo mbili tulizozing'oa Mabawa zilikuwa nzima kifuani na karatasi mguuni. Tatu, mchanga wa ufukweni una vipande vya kombe na matumbawe, na watoto wetu huvua viatu.

Mzee mmoja alitoa hoja ya maana, nami naiheshimu: mchanga wa pwani ukirundikwa ukapigwa na mvua za masika, chumvi huoshwa. Ni kweli, ila masika moja huenda isioshe rundo zima mpaka katikati, na kombe hazioshwi na mvua yoyote. Tena suala la sheria linabaki palepale.

Mchanga wa kununua nao una hila zake, na hapa ndipo waliosimamia kazi walipostahili pongezi badala ya maneno. Mchanga wa shimo mara nyingi huchanganyika na udongo. Ukiwa mkavu unaonekana mzuri kabisa. Ukinyeshewa mara mbili na kupigwa jua, unashikana kama tofali. Kipimo chake hakihitaji maabara. Jaza chupa ya kioo nusu kwa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uache usiku kucha. Asubuhi mchanga uko chini na tope limekaa juu yake kama mtindi. Tope likiwa la kuonekana wazi, gari linarudi. Tipa mbili za kwanza zilirudishwa kwa kipimo hicho, na msambazaji akanuna. Msambazaji kununa si hasara ya chama.

Chini ya mchanga kuna kokoto sentimita 10 zinazoelekeza maji kwenye mtaro, na kati yake kitambaa cha kuchujia kinachotumika kwenye ujenzi wa barabara. Bila kitambaa, mchanga huzama kati ya kokoto, na kokoto hupanda juu kidogo kidogo mpaka siku moja mtoto anaangukia jiwe. Kuna waliopendekeza viroba vya saruji vilivyochanwa. Viroba havipitishi maji vizuri, na masika vingetupa dimbwi. Chumbageni, ambako chini tulikuta mwamba wa matumbawe unaonyonya maji, tulipunguza kokoto. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba tulinunua bila kufikiri.

Kuhusu vyuma nitasema machache. Mabomba ni yale yaliyopakwa zinki, lakini fundi anapochomelea, zinki huungua na kutu huanzia hapo hapo kwenye kiungo. Kila kiungo kilisuguliwa kwa brashi ya waya, kikapakwa rangi yenye zinki, ndipo rangi ya mapambo. Miguu ilipakwa lami kutoka chini ya zege hadi juu kidogo ya usawa wa mchanga. Zege ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, limemwagiwa maji siku saba, na uso wake uko chini ya mchanga ili asiupate mtu kwa kichwa. Kulabu za minyororo zilibanwa mpaka shilingi haipiti. Nafasi kati ya fito za kinga zote ziko chini ya sentimita 9, kwa sababu kati ya 9 na 23 mwili wa mtoto hupita na kichwa hukwama. Bolti zote zina kofia. Hili la bolti lilichekwa, lakini watoto wetu huja uwanjani moja kwa moja kutoka madrasa, na kanzu au mtandio ukinaswa juu ya mtelezo, mtoto ananing'inia kwa shingo.

Matairi ya gari tuliyoletewa kama msaada tuliyakataa mengi. Yale yenye nyaya za chuma ndani, yakichakaa nyaya hutokeza na kuchoma. Yaliyofaa yalitobolewa chini ili yasituame maji na kuzalisha mbu. Mlipuko wa homa ya dengue wa mwaka 2019 uliotufikia hapa Tanga bado tunaukumbuka.

Sasa fedha. Mapato yote ni shilingi 18,410,000: ada na viingilio 1,610,000, na michango ya wafanyabiashara pamoja na wana-Tanga walio nje ya mkoa 16,800,000. Matumizi ni 17,260,000: mchanga, kokoto, kitambaa, usafiri na uchimbaji 8,400,000, vyuma, minyororo, saruji, rangi na ufundi 7,150,000, mengineyo 1,710,000. Salio ni 1,150,000. Anayetaka kujua mengineyo ni nini, stakabadhi ziko kwa mweka hazina, na ziangaliwe kwake, si kwenye simu.

Zitazameni hizo namba za ada. Chama kina wanachama 140, na ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 51. Waliobaki wamelipa vipande au hawakulipa kabisa, na wengi wa walioandika maneno makali kuhusu mchanga wamo katika kundi hilo. Majina sitayasoma, daftari liko mezani. Wote wangelipa, tungekuwa na milioni 3.36 zetu wenyewe, na leo Duga kungekuwa angalau kumechimbwa. Mkutano wa Septemba uliahirishwa kwa kukosa akidi. Walikuja watu 19, na watano kati yao walikuwa wajumbe wa kamati.

Mahudhurio mabovu yana gharama yake uwanjani. Chini ya kila kiti cha bembea miguu huchimba shimo, na mchanga wa sentimita 30 hubaki 10 ndani ya wiki chache ukiachwa. Ndiyo maana nguzo zimechorwa mstari mwekundu: mchanga ukishuka chini ya mstari, urudishwe kwa reki. Kazi hii ni ya nusu saa kwa wiki kwa kila uwanja, pamoja na kuokota vigae na kinyesi cha paka, kukaza nati na kutazama pete ya juu ya mnyororo, ambayo hulika kabla ya nyingine zote. Tumekubaliana kwamba pete iliyolika theluthi ya unene wake inatolewa, na kiti kinashushwa siku hiyo hiyo. Zamu zilipangwa na kubandikwa. Chumbageni zilifuatwa. Makorora, kuanzia Agosti, reki imeshikwa na mlinzi wa duka la jirani, ambaye si mwanachama.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tutaangalia Duga na Mwanzange kwa kadiri fedha itakavyoruhusu. Kivuli cha mitelezo pia kinahitajika, kwani bati linaloelekea magharibi saa tisa alasiri haligusiki. Miarobaini ikikua itasaidia. Waliopendekeza miembe, naomba waelewe kwamba mwembe wenye maembe huleta mawe ya watoto kabla ya kuleta kivuli. Mazungumzo na wadau yanaendelea vizuri.

Mwisho, reki mbili na toroli moja vilivyoazimwa kwa ajili ya maandalizi ya harusi mwezi Novemba havijarudi. Aliyenavyo anajulikana, na avirudishe kabla ya Jumamosi ya usafi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti wa Chama