Uzalendo si kuficha majeneza

Mhariri,

Nimechoshwa na hoja kwamba mwandishi anayeripoti vifo vya wanajeshi anavunja moyo wa taifa. Anayeuvunja ni yule anayemtuma kijana vitani, kisha akataka maiti yake irudishwe kimyakimya.

Mwaka 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, Marekani ilipiga marufuku wanahabari kupiga picha za majeneza yakiwasili katika kambi ya jeshi la anga ya Dover. Marufuku hiyo ilidumu hadi 2009, Waziri wa Ulinzi Robert Gates alipoziachia familia uamuzi. Miaka 18! Vita vya Afghanistan na Iraq vikaanza humo humo, televisheni zikituonyesha vifaru na makombora.

Siri za kijeshi naziheshimu. Kutangaza kikosi kilipo kunaweza kuua watu. Lakini idadi ya waliokufa si siri ya namna hiyo. Mwananchi anayelipa kodi na kumtoa mwanawe ana haki ya kuijua.

Chapisheni majina yao, familia zikiridhia, na muwafuatilie majeruhi hata vita vikishatoka ukurasa wa mbele.

Msomaji wenu