Barua kwa mwanangu, kuhusu pesa ya mabati

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaninyamazia. Nikikuuliza kama umekula unajibu "nimekula baba", nikikuuliza kama unalala unasema mtandao unakatakata. Mdogo wako ataipiga picha karatasi hii akutumie WhatsApp. Nimemwambia asisome, lakini wewe unamjua.

Mama yako anajua kwamba umetapeliwa. Hukuniomba nimfiche, na hata ungeniomba nisingeweza. Alinyamaza, akaenda kuchambua maharage ambayo alikwisha kuyachambua asubuhi, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Mkewe je, ameambiwa?" Hilo nitalifikia.

Milioni tisa na laki nne, ulizoweka kwenye ile programu ya simu iliyoahidi kuzizalisha, zikaliwa. Naiandika kwa makusudi, maana tangu siku ile hujaitaja hata mara moja. Unasema "ile hela", unasema "lile jambo". Ni pesa ya kupaua nyumba ya Chanika. Ni posho za Tunduma na Lubumbashi ulizojinyima, ukalala kwenye lori badala ya gesti, ukapika ugali wako pembeni ya tairi wakati wenzako wanaagiza nyama choma. Ni pikipiki uliyouza. Ukiibiwa jasho la miaka hiyo yote una haki ya kulia, na sijui nani alikuambia mwanamume halii, kwa maana mimi sikukuambia.

Kwetu mtu akifiwa, hata awe fukara, jua halijazama turubai limeshafungwa, mikeka imetandikwa, na kuna mtu kakaa na daftari la michango. Hakuna anayemwuliza mfiwa kwa nini marehemu alipanda basi lile. Wewe umepata msiba usio na matanga. Umejifungia nao ndani peke yako, na unajua kwamba yeyote atakayesikia ataanza na "sasa wewe uliamini vipi?" Ndiyo maana aibu imekushika kabla hujapata hata nafasi ya kuhuzunika.

Basi hilo la uliamini vipi acha nilijibu mimi, nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Wewe hukuamini tu, ulipima. Uliweka laki moja, ukatoa laki na ishirini, na ikaingia kwenye simu yako kweli, ukamnunulia mtoto viatu. Ukaweka laki tatu, nayo ikarudi na faida. Mtu makini hufanya hivyohivyo. Ila wenye biashara ile wanajua kwamba mtu makini atapima, kwa hiyo gharama ya kipimo wameshaitenga. Ile elfu ishirini ya kwanza walikulipa wakijua wanachokitafuta. Mjini Boston mwaka 1920, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na waliotangulia aliwalipa bila kuchelewa, kwa fedha za waliokuja nyuma yao. Na Newton, yule yule wa sheria za mwendo zilizokutesa sekondari, alikuwa na hisa za kampuni ya South Sea, na mwaka 1720 akaziuza kwa faida nzuri. Angeishia hapo. Bei ikaendelea kupanda, akarudi kununua tena ikiwa juu, na ilipoporomoka akapoteza fedha nyingi sana. Aliyepiga hesabu za sayari! Kwa hiyo neno "mjinga" unalojiita, naomba uliache.

Mwaka 2009 pale shuleni kwetu walimu kadhaa waliingia kwenye mpango wa kupanda na kuvuna, ule wa kuweka pesa kama mbegu ukiahidiwa kuvuna zaidi. Ulipofungwa, mwenzetu mmoja hakumwambia mtu nyumbani. Kila Jumamosi alivaa shati safi akatoka "kufuatilia". Kiasi alichopoteza nimekisahau, nadhani alikilipa taratibu kwenye mshahara. Nisichokisahau ni kwamba aliacha kuja kucheza bao. Tulimngoja, tukamwita, akawa ana udhuru kila siku, mpaka tukaacha kumwita. Aliogopa tutamcheka. Kusema kweli wawili watatu wangemcheka, jioni moja, na kesho yake wangekuwa wanabishana naye kuhusu kete.

Sasa nije kwa yule dada aliyekuwa anakuandikia kwenye simu mpaka ukaingia kwenye programu ile. Ulinieleza harakaharaka ukapita, lakini nilisikia. Ulisema ukiwa kwenye foleni Tunduma, siku tatu lori halisogei, yeye ndiye aliyekuwa anakuuliza umeamkaje. Aliulizia homa ya mtoto. Alijua jina la turnboi wako. Halafu ukasema kwa sauti ndogo kwamba bado unatamani umpate umwulize tu kwa nini. Nadhani hili linakuuma kuliko mamilioni, na unaona vibaya kulisema kwa kuwa una mke. Mimi sikuhukumu. Njia ni ndefu na upweke wa barabarani naujua kwa kuusikia kwa babu yako aliyekuwa utingo. Umepoteza pesa, na umepoteza mtu uliyezoea kuongea naye, ambaye hakuwepo. Vyote viwili vinaliliwa.

Hutampata umwulize. Inawezekana hata si mwanamke, na si mmoja. Wanapokezana zamu kwa simu ileile, mbele yao kuna karatasi inayosema siku ya kwanza andika hivi, ya kumi andika vile. Mwezi Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti kwamba Myanmar peke yake huenda watu wasiopungua 120,000 wanalazimishwa kufanya kazi hiyo, na Kambodia kama 100,000. Wamo Wakenya na Waganda, vijana waliojibu matangazo ya ajira Thailand, wakafika wakanyang'anywa pasipoti, na asiyefikisha lengo la siku anapigwa. Sikwambii haya ili umwonee huruma, hilo ni lako na Mungu wako. Nakwambia ili uache kusoma yale mazungumzo usiku ukitafuta ni wapi ulikosea neno. Hakuna neno ulilokosea.

Ila usiyafute. Yahifadhi, pamoja na jumbe za miamala na namba ulizotumia pesa. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na zile namba za simu ziripoti kwa 15040, namba ya kuripoti matapeli. Je, pesa itarudi? Siitegemei, na wewe usiitegemee. Nenda kwa sababu ukishaandikisha maelezo mbele ya askari jambo linakuwa la wizi, linaacha kuwa siri yako. Ile programu iondoe kwenye simu. Najua bado inakuonyesha salio linapanda, na kwamba ukilipa "kodi ya kutolea" utapewa. Zile ni tarakimu walizoandika wao.

Kuna mwingine atakutafuta, kama hajakutafuta tayari. Atajiita wakili, au mtaalamu wa kompyuta, au ofisa wa sijui wapi, atajua mpaka kiasi ulichoibiwa, na atakuahidi kukirudisha kwa malipo kidogo ya kuanzia. Majina ya walioibiwa huuzwa. Na shangazi yako anasema Muheza kuna mganga anayerudisha mali, mwizi anakuja mwenyewe na majani mdomoni. Anataka laki mbili na mbuzi mweusi. Nimemwambia shangazi yako mwizi mwenyewe alianza na laki moja tu, bila mbuzi.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni barabara. Hulali, halafu unashuka Kitonga na tani thelathini mgongoni. Mwombe bosi ruhusa ya safari moja, mwambie una udhuru wa kifamilia, na hutakuwa umedanganya. Na ile kauli yako kwamba "bora hata lori lingeanguka", ulicheka baada ya kuisema, mimi sikucheka. Nakuuliza waziwazi: umefikiria kujidhuru? Nijibu ndiyo au hapana, sitapiga kelele, wala sitaitangaza kwenye ukoo. Kama jibu ni ndiyo, hata kidogo, usishike usukani. Nipigie saa yoyote, na uende hospitali. Muhimbili wanatibu mawazo ya namna hii, na wanaokaa kwenye yale mabenchi wengi ni watu wanaokwenda kazini kama wewe.

Mke wako sasa. Najua mpango wako: unataka ukope, urudishe pesa kabla hajagundua, kisha umwambie kama hadithi ya zamani. Utakopa wapi? Kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Watachukua kadi ya gari au kadi ya benki, na kwenye zile programu za mikopo watapiga simu kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yako, na wa kwanza kupigiwa atakuwa yeye. Fundi naye ataanza kuulizia mabati. Atajua tu, na akijua kwa fundi atakuwa na makosa mawili ya kukusamehe.

Mwambie usiku, mtoto akishalala, simu zote mbili zikiwa zimezimwa. Taja kiasi kamili, na la yule dada mwambie pia, kwa sababu atayasoma yale mazungumzo. Usianze na "usikasirike". Mwache akasirike. Anaweza asiongee na wewe wiki nzima. Mama yako aliwahi kuninunia kwa jambo dogo kuliko hilo na bado chakula nilipewa. Akitaka kwenda kwao kidogo, mpe nauli.

Nyumba ina kuta na lenta, kuta hazitaondoka. Mwaka huu hamtahamia. Mwambie fundi asimame, mlipe anachodai, zifunike kuta juu kwa nailoni kabla ya masika. Kama kuna madeni ambayo hukunitajia, yaandike yote kwenye karatasi moja, jina la mtu na kiasi, unitumie. Sina pesa ya kuyalipa na unajua pensheni yangu ilivyo, lakini kuyapanga lipi lianze naweza.

Nitapiga Jumapili jioni, tukitoka kanisani. Usipopokea nitampigia mkwe wangu, na nisingependa asikie kwangu kwanza.

Baba yako
Korogwe